Hedifoni ya Sokoni

Hedifoni ya kazini ilikufa chini ya makalio ya mama mkwe, na aliyepewa pole ni mama mkwe. Mwanawe alitoka chumbani mbio akiuliza kama ameumia. Hakuumia. Alikuwa ameketi tu kwenye kochi, kama mtu yeyote mwenye haki ya kuketi kwenye kochi la mwanawe, na kama kuna mtu anaacha madude yake hapo, hilo ni juu yake. Mwenye madude, mke wa mwana huyo, alisimama mlangoni pa jikoni, mikono imejaa povu, akaitazama hedifoni iliyokatika shingo.

Kazini walimwita Asali. Alipokea simu za wateja wa kampuni ya ving'amuzi vya televisheni, na watu hao hawapigi kusalimia. Hupiga picha ikikatika mpira ukiwa umepamba moto, na tusi hutangulia jina. Asali aliwajibu kwa sauti ile ile laini, kana kwamba anabembeleza mtoto, hata wasimamizi wakawa wanawasikilizisha waajiriwa wapya simu zake zilizorekodiwa ili wajifunze. Kampuni ilipoona pango la ofisi limekuwa ghali, iliwarudisha wapokeaji simu makwao, kila mmoja na kompyuta yake na hedifoni yake: vikombe viwili vya kufunika masikio na mkono mwembamba wa maiki unaoshuka mbele ya mdomo. Neno la mteja liliingilia hapo, la Asali likatokea hapo, na katika kupokea na kurudisha huko ndimo ilimopita kodi ya nyumba, chakula, na karo ya binti yao aliyekuwa shule ya bweni.

Mwanzo alifanyia kazi katika chumba kidogo cha nyuma, mlango umefungwa, kama kampuni ilivyotaka. Kisha mama mkwe akaja kwa wiki mbili, akapewa chumba hicho. Wiki mbili zile zilizaa nyingine, nazo zikazaa, na Asali akahamishia kompyuta kwenye meza ya pembeni sebuleni. Hapo ndipo ilipopatikana sheria ya nyumba. Maiki ikiwa mdomoni, kila mtu kimya. Ikiinuliwa juu ya kichwa, semeni mtakavyo, maana hedifoni ya kampuni ilikuwa ukiinua mkono wake inakata sauti yenyewe. Kulikuwa na kitufe halali cha kumsubirisha mteja, lakini muda wa kumsubirisha ulimshusha mtu alama, kwa hiyo hakuna aliyekibonyeza isipokuwa mgeni wa kazi. Mjuzi huinua maiki tu, akakohoa, akanywa maji, akamtukana mteja kwa raha zake, kisha akaishusha na kuendelea kuwa mpole.

Mama mkwe hakuiona hiyo kuwa kazi. Kutwa nzima mwanamke mzima anaongea na ukuta, tena anaubembeleza, huku mwanawe anatoka jasho. Mwanawe alikuwa fundi wa madirisha ya vioo, na jina lake nyumbani na mtaani lilikuwa hilo hilo, Fundi. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akabeba sanduku la zana, akaaga. Alichokuwa hajui mama ni kwamba karakana ilifungwa muda mrefu kabla yeye hajaja, na kwamba Fundi alikwenda kushinda kwenye banda la rafiki yake akicheza bao mpaka jua lipoe. Asali alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mumewe asijidhalilishe mbele ya mzazi kwa ajili ya wiki mbili tu. Mke mwema humsitiri mumewe, ndivyo alivyolelewa, na sasa alikuwa anaitwa mvivu kila siku ndani ya nyumba anayoilipia, akameza.

Kuripoti hedifoni iliyovunjika ilikuwa sawa na kujichongea. Wangeuliza ilivunjikaje, na kueleza ni kukiri kwamba chumba cha kufungwa hakipo tena. Jioni ile ile Fundi akarudi na mpya, ya sokoni, nyeusi kama ile ile, na mkono wake wa maiki unapanda na kushuka vile vile.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akaiweka mezani kwa madaha.

"Mume anayenunua vitu anaye," mama mkwe akasema, akimwambia feni ya darini. "Na bado ananuna."

Asali alijiuliza hela imetoka wapi. Tangu majuzi Fundi alikuwa akileta vitu, leo nyama, kesho matunda. Akadhani amepata kibarua na anasubiri kiive ndipo aseme, na kwa kweli alifurahi, asiulize. Akaichomeka hedifoni, akampigia mwenzake wa kazini. Alijaribu kusikia, akasikia. Alijaribu kusikika, akasikika. Kutosikika hakukujaribu, nani hujaribu hilo?

Hedifoni ya sokoni ilikuwa na kijitufe katikati ya waya cha kuzima sauti. Mkono wake uliinuka kwa sababu tu ulikuwa na bawaba.

*

Simu iliyoleta balaa ilikuwa ya mzee mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo. Picha haitoki, amelipia, wamemwibia. Asali akamwomba asome namba ya kadi iliyo nyuma ya king'amuzi. Mzee akalalamika kwamba king'amuzi kiko juu ya kabati, kabati liko chumba kingine, miwani haijui ilipo, na mtu asithubutu kukata simu.

"Chukua muda wote unaohitaji, mzee wangu. Nipo," Asali akasema.

Akasikia ndala zikiburuzika kwenda mbali. Wakati huo huo matone mazito yakaanza kupiga bati, na nguo zote zilikuwa kambani, pamoja na mashuka ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi na Fundi kando yake, amewahi kurudi siku hiyo, na hakuna kati yao aliyeonekana kusikia mvua. Asali aliinua maiki, akavua hedifoni, akaiweka mezani, akakimbia nje.

Alirudi na mzigo wa nguo hadi kidevuni, nywele zinachuruzika. Alipovaa hedifoni na kushusha maiki, mzee alikuwa amekwisha kurudi, kwa kuwa alisikia pumzi zake. Akamwomba namba. Mzee akaisoma taratibu, tarakimu moja moja, kwa sauti isiyokuwa na ugomvi tena. Asali akamfungulia picha, akamtakia siku njema.

"Mimi si mjinga, mama," mzee akasema, akakata.

Asali hakuelewa. Wateja husema mengi. Akapokea simu iliyofuata.

*

Wito ulikuja siku ya pili yake, mwanzoni mwa zamu: kikao cha nidhamu kwa njia ya video, asubuhi hiyo hiyo, kamera iwe imewashwa. Mteja alikuwa amelalamika. Asali alisoma ujumbe ule. Akawageukia waliokuwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa anakunywa chai, na Fundi, ambaye alijidai mwajiri wake amempa mapumziko, alikuwa anakunywa naye.

Akawaomba kwa adabu wampishe kidogo. Wakuu wa kazi wanataka kuzungumza naye peke yake, na kazi iko hatarini.

"Kwa nini nipishe?" mama mkwe akauliza. "Nitoke kwenye nyumba ya mwanangu nikasimame uani kama kuku, ili wewe uongee na ukuta? Sitoki. Ongea. Nani anakusikiliza?"

Asali akamtazama mumewe. Fundi akapuliza chai yake, ambayo ilikwisha kupoa.

"Mama akiinuka magoti yanamuuma," alisema. "We fanya tu, tutanyamaza."

Basi Asali akakaa, akawapa mgongo, akageuza kompyuta ili kamera ione ukuta tu, akavaa hedifoni. Kwenye kioo walitokea wawili: msimamizi wake, mwanamke aliyezoea kumtania na leo hakumtania, na bwana mmoja wa utumishi mwenye tai, ambaye Asali alikuwa hajawahi kumwona. Bwana wa utumishi hakuzunguka. Alisema watampigia kipande cha simu iliyorekodiwa, asikilize, kisha ajibu.

Kwanza ilikuwa mvua juu ya bati. Halafu, ndani ya masikio yake yote mawili, karibu kuliko alivyowahi kumsikia, akamsikia mama mkwe.

"Tazama anavyokimbia. Nguo zimeshaloa ndipo anakumbuka zipo. Mwanangu, huyu unamlisha wa nini?"

"Mwache, mama," ikasema sauti ya Fundi, imeshiba na kutulia. "Aliniomba nimwachie apate cha kumshughulisha. Na hao wateja wake ni wajinga watupu, watu wazima wanalilia mpira. Kahela kake ni ka vocha tu. Nyumba naibeba mimi."

"Basi mwachishe. Dada yako aje na cherehani yake, akae pale mezani."

"Mwezi ujao namwachisha. Nishaamua."

Nyuma ya mgongo wa Asali, katika sebule ile ile, mama mkwe alivuta funda la chai. Fundi alikohoa. Hawakusikia kitu. Wao walimwona mwanamke ameketi kimya mbele ya kompyuta, mabega yamekauka, wala hawakujua kwamba wako wawili wawili: wako kwenye kochi na wako masikioni mwake. Uchungu uliompanda Asali haukuwa wa tusi la mama mkwe, hilo lilikwisha kuota sugu. Ulikuwa wa sauti ya yule mwanamume, ilivyotulia. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anastarehe.

Rekodi ikakoma. Bwana wa utumishi akaeleza kwamba mteja aliporudi na kadi yake alisimama akasikiliza yote, na akajisikia ametukanwa na kampuni anayoilipa. Hilo moja. Chumba kina watu, wakati Asali alitia saini kwamba anafanyia kazi faraghani. Hilo la pili. Lakini la tatu ndilo lililomtoa yeye ofisini kwake. Walipopunguza wafanyakazi, Asali alikuwa kwenye orodha ya kuondoka. Aliandika kuomba abaki, akasema yeye ndiye tegemeo la pekee la nyumba, na akaondolewa mwenzake badala yake. Sasa wamemsikia mwanamume akisema nyumba anaibeba yeye, na kwamba mwezi ujao anamwachisha.

"Ama uliidanganya kampuni ukamnyima mwenzako riziki," bwana yule akasema, "ama huyo anadanganya. Nataka jibu moja, sasa hivi. Huyo ni nani, na nyumba inaendeshwa na nani?"

Asali alihisi macho ya kochini mgongoni. Usimwage mchele penye kuku wengi, wahenga walisema, na hapa kuku walikuwa pande zote mbili, ofisini wawili na sebuleni wawili. Angeweza kusema ni jirani mpiga domo. Angeweza kusema ndiyo, mume wangu ananilisha, na afunge kompyuta, na mwisho wa mwezi binti yake arudishwe na sanduku lake. Alifungua mdomo, akajibu kwa kunong'ona.

"Hatukusikii," msimamizi akasema. "Sogeza maiki. Sema kwa sauti."

Akasogeza maiki mpaka ikagusa mdomo. Akasema kwa ile sauti yake ya kazini, laini, yenye kila silabi yake, sauti ambayo ukuta wa nyumba ile ulikwisha kuizoea.

"Huyo ni mume wangu. Hapana, bwana, haendeshi nyumba. Hana kazi. Karakana ilifungwa kabla ya mvua za mwaka jana, na hajapata kazi nyingine. Kodi ni mimi. Chakula ni mimi. Karo ni mimi."

Nyuma yake kikombe kikagonga kisahani.

"Ndiyo, anatoka kila asubuhi. Anakwenda kukaa kwa rafiki yake. Mimi ninajua. … Mama mkwe wangu. … Ndiyo, ndiye aliye kwenye chumba changu cha kazi. … Alisema wiki mbili. … Hapana. Siachi kazi mwezi ujao. Hakuna wa kuniachisha."

Bwana wa utumishi aliandika kitu, akashauriana na msimamizi huku wamezima sauti, midomo inacheza tu. Kisha akarudi na uamuzi. Onyo la maandishi. Hedifoni itakayotumwa ndiyo itumike, wala si nyingine. Na kesho kabla ya zamu awashe kamera, awaonyeshe chumba chenye mlango uliofungwa, asiwemo mtu isipokuwa yeye. Asipokuwa nacho, asihangaike kuwasha kompyuta.

"Asante sana, bwana. Siku njema," Asali akasema, kwa mazoea.

*

Alipogeuka, Fundi alikuwa amesimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na kama ilivyo kawaida ya walioaibika, alikuja kwa ukali. Akauliza ni mke gani anayemwanika mumewe mbele ya watu baki. Akauliza kama hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa kwao. Akasema mengi, na katika yote hayo hakusema kwamba alichosema mkewe ni uongo.

Mama mkwe alimwacha amalize. Kisha akauliza, polepole, kana kwamba anaongea na mtu mgonjwa:

"Mashine iko wapi?"

Fundi akashika mgongo wa kochi.

"Mashine gani?" Asali akauliza.

"Ya kukatia vioo." Mama mkwe hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe. "Aliniambia karakana inapanuka, imebaki mashine moja tu. Majuzi tu nikauza nyumba. Nyumba ya baba yake, na kiwanja chake, na kaburi la baba yake nimeliacha kwa wageni. Nikampa hela yote mkononi, hapa, kwenye kochi hili. Mwanangu, nakuuliza, mashine iko wapi?"

Asali akazikumbuka nyama. Akayakumbuka matunda. Akaitazama hedifoni iliyokuwa bado shingoni mwake, akaivua.

"Sikula peke yangu," Fundi akasema. "Nyama mlikula wote. Hela zilizobaki nilimkopesha mtu, atarudisha. Ningefanyaje? Kila siku mnaniuliza, Fundi kazi inaendaje, Fundi kazi inaendaje. Ningewajibu nini?"

Mama mkwe sasa aligeuka, akamtazama mke wa mwanawe, na pengine ilikuwa mara ya kwanza amtazame bila kumpitisha macho juu hadi chini. Haikuwa huruma. Ilikuwa hasira tupu, iliyobadilisha njia.

"Wewe ulijua hana kazi."

"Nilijua, mama."

"Tangu siku niliyoingia hapa."

"Tangu kabla."

"Ukaniacha nikutukane asubuhi na jioni. Nikuite mvivu, nikuite kupe. Ukaniangalia tu."

"Nilimsitiri mwanao, mama. Nilidhani ni heshima, kwake na kwako."

"Heshima," mama mkwe akasema. "Ungefumbua mdomo siku moja tu, mdomo huo huo unaowafumbulia watu usiowajua kutwa nzima, leo ningekuwa na nyumba ya kurudi."

Asali alikuwa ameonewa, na alijua ameonewa. Ni kweli hakuuza yeye. Ni kweli hela hakupokea yeye. Lakini mama huyu mwenye ulimi wa wembe aliuza paa lake kwa kuamini uongo, na uongo ule ulipikwa na wawili.

"Chumba wanakitaka kesho," Asali akasema. Sauti ilitoka kavu, si ile ya kazini. "Nisipokuwa nacho, hatuna kitu sote."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mama mkwe akainuka, magoti yakalia, akaingia chumba kidogo cha nyuma. Wakasikia kabati likifunguliwa, mabegi yakitupwa sakafuni. Fundi akakaa, akasimama, akakaa tena. Baada ya kitambo mama mkwe akatokeza akirudi kinyumenyume, anaburuza godoro kwa pembe moja kuja sebuleni. Godoro lilikuwa zito na mlango ulikuwa mwembamba, likakwama, likajikunja. Akavuta. Likakwama zaidi. Asali akapita kwa tabu kando yake akaingia chumbani, akashika pembe ya nyuma. Hawakutazamana.

"Inua upande wako," mama mkwe akasema.

Akainua. Fundi naye akaja, amekunja mikono ya shati, akasimama katikati ya njia akitafuta pa kushika. Akasema mama amwachie yeye, hiyo ni kazi ya mwanamume.

"Wewe," mama mkwe akamwambia, bila kupandisha sauti, "tuondokee mlangoni."

Akasogea. Wakapita.